Visiwa vya Ugiriki: panga safari ukiufikiria upepo

Ukitaka kuzunguka visiwa vya Ugiriki Julai au Agosti, chagua kundi moja la visiwa ubaki humo humo. Paros, Naxos na Santorini vimo katika kundi la Cyclades na feri hupita mara kwa mara; Corfu iko upande wa pili kabisa wa nchi, iache kwa safari nyingine. Visiwa vitatu kwa siku kumi vinatosha. Vitano ni kuhamisha mabegi tu.

Kinachovuruga ratiba hasa ni meltemi, upepo mkali wa kaskazini wa miezi hiyo. Upepo huo ukizidi sana, vyombo huzuiwa kuondoka bandarini, na boti za kasi ndizo husimama kwanza. Kwa hiyo usipange feri na ndege ya kurudi nyumbani siku moja. Usiku wa mwisho lala Athens. Feri kubwa huenda polepole, lakini nauli ni nafuu na unakaa sitahani ukipunga upepo (mimi huzipenda zaidi).

Soma tiketi vizuri pia: si feri zote huondokea Piraeus, bandari kuu ya Athens. Nyingine huondokea bandari ya Rafina, karibu zaidi na uwanja wa ndege.