Kufika Bwisya, alikopinduka MV Nyerere

Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, na mzigo wangu mwingi hutoka visiwani. Ndiyo maana kila Septemba ikikaribia simu haziishi: "Mama, nataka kwenda kisiwa cha Ukara kuona pale kivuko cha MV Nyerere kilipozama. Nafikaje?" Nimechoka kueleza mmoja mmoja, naandika mara moja.

Kwanza usichanganye na Igoma. Pale Igoma, barabara ya Musoma, walizikwa watu wa meli ya MV Bukoba, ajali ya 21 Mei 1996, na ukiwa mjini unapanda daladala tu. MV Nyerere ni ya 20 Septemba 2018, na kwake ni mbali: unavuka maji mara mbili.

Mwanza panda meli ya kwenda Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe, safari ya saa tatu na ushee. Anayeogopa meli apite Bunda, avuke kwa kivuko Kisorya hadi Rugezi, upande wa Ukerewe, ila ajue atachakaa barabarani. Kutoka Nansio tafuta gari au bodaboda ya Bugolora, ambako unapanda kivuko cha kwenda Bwisya, gati la Ukara. Saa za kivuko cha Bugolora usizitafute kwenye simu. Ulizia Nansio usiku uliotangulia, kwa wenye bodaboda, maana wao wanaishi kwa kuzijua. Mimi mara ya kwanza sikuuliza cha kurudi. Nilibaki Bwisya, nikalala kwa mama mmoja ninayenunua dagaa kwake, na watoto wake wakahamia sakafuni kwa ajili yangu. Aibu ile sijaisahau.

Ukiwa kwenye kivuko simama upande unaoona mbele. Gati la Bwisya likishakuwa karibu kiasi kwamba unatambua sura za watu wanaosubiri, umefika penyewe. Hapo ndipo. Wengi hutazama katikati ya ziwa wakidhani ilikuwa kilindini, kumbe watu walikuwa wameshashika mizigo yao tayari kushuka.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, gulio la Bugolora, na watu walikuwa wakirudi nyumbani na walichonunua. Mimi ni mtu wa kuhesabu magunia, kwa hiyo hesabu hii hainitoki: kivuko kiliruhusiwa abiria 101. Waliokufa ni 228, waliookolewa 41. Jumlisha mwenyewe. Kila nikiona kijana wa gatini anapunga mkono "ingieni tu, nafasi ipo", nakumbuka jumla hiyo, na nimewahi kushuka na magunia yangu mawili nikasubiri cha kesho. Jumamosi, siku ya pili baada ya ajali, fundi mitambo wake alitolewa akiwa hai kutoka ndani ya chombo kilichokuwa kimegeuka juu chini. Ukikaa na wazee wa Bwisya hawachelewi kukufikisha kwenye hilo.

Sasa makaburi. Usiulize "kivuko kiko wapi", uliza makaburini. Baadhi ya marehemu walichukuliwa na ndugu zao wakazikwe kwao, wengine walizikwa hapo Bwisya Jumapili, tarehe 23. Lakini kabla ya kwenda pita kwa mwenyekiti wa kijiji, jitambulishe, sema umetoka wapi na una ndugu hapo au huna. Mimi nilikwenda moja kwa moja, simu mkononi, nikaanza kupiga picha. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe karibu akaniuliza taratibu, "Umekuja kwa nani, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Nikairudisha simu kwenye kikapu, nikamwamkia upya, "Shikamoo baba, poleni." Ndipo akanionyesha alikolala shemeji yake, na tukakaa hapo karibu saa nzima. Picha niliyonayo ni moja, na ni yeye aliyesema nipige.

Usipeleke maua ya plastiki, upepo wa ziwani utayapeleka majini siku hiyo hiyo. Ukitaka kuacha kitu, ulizia Kituo cha Afya Bwisya wana upungufu gani. Sehemu ya rambirambi za taifa ilikwenda kukipanua.

Ukiwa na muda, jiwe linalocheza la Nyaburebeka liko kisiwa hicho hicho, ila mimi nashauri ulitembelee siku nyingine. Ukitoka makaburini hutakuwa na hamu ya kushangilia jiwe.

Beba hela taslimu, maji ya kunywa, kofia, na koti jepesi hata kama asubuhi ziwa limetulia kama kioo, maana mchana upepo huamka. Gatini, kabla hujalipa nauli, angalia maboya yako wapi na kama yamefungwa kwa kamba ngumu. Yakiwa yamefungwa, mwambie baharia ayafungue. Atakucheka. Mwache acheke, ukae karibu nayo.