Una Vanguard au RAV4 ya Japani? Jinsi ya kuhakiki mikanda ya siti ya nyuma na kudai kifuniko chake

Mwongozo huu ni wa wenye Toyota Vanguard, pamoja na RAV4 ya kizazi cha tatu, iliyokuja baada ya ile ya kizazi cha pili ambayo hapa Tanzania tunaiita Kili Time. Mwenye Kili Time yenyewe apumzike, hayumo.

Februari 2016 Toyota ilitoa wito wa kurudisha gereji magari yapatayo milioni 2.87 duniani kote kwa sababu ya mikanda ya siti za nyuma. Kwa Japani wito uligusa RAV4 na Vanguard zilizotengenezwa kuanzia Oktoba 2005 hadi Januari 2016, kama magari 177,000 hivi, na huko ndiko zetu nyingi zilikonunuliwa. Mkanda wenyewe ni mzima. Tatizo ni fremu ya chuma ya kikalio cha siti, iliyo jirani kabisa na mahali mkanda wa kiunoni unaposhuka. Gari likigonga kwa mbele kwa nguvu, mkanda wa aliyekaa pembeni unaweza kukutana na chuma hicho ukakatika. Kampuni ilisema inajua ajali moja ya Marekani na moja ya Kanada ambako mikanda ya nyuma ilikatika. Dawa yake ni vifuniko vya plastiki ngumu vinavyovikwa kwenye fremu, basi. Kazi yenyewe ni ndogo kuliko kubadilisha breki pedi. Kumpata wa kukubali kuifanya ndiyo shughuli.

Anza na kadi ya gari na nyaraka zilizokuja nalo kutoka Japani. Angalia tarehe usajili wake wa Japani ulipofutwa ili lisafirishwe. Kama gari liliondoka kule kabla ya Februari 2016, usijichoshe kutafuta kama lilirekebishwa Japani: halikuweza kurekebishwa kwa wito ambao haujatoka. Ruka moja kwa moja hadi kwenye kuangalia siti. Kama liliondoka baada ya hapo, huenda mwenyewe wa Kijapani aliitikia wito, huenda aliliuza mnadani bila kujali. Hapo ndipo namba ya chesisi inapohitajika.

Na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ukitafuta mtandaoni jinsi ya kuangalia wito wa gari, kinachokuja juu ni ukurasa wa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani. Ukurasa huo unataka namba yenye tarakimu na herufi 17. Gari la soko la Japani halina namba hiyo. Lina herufi na tarakimu chache, kistari, kisha tarakimu saba, kwa mfano ACA33 kistari halafu mfululizo wake. Usijaze sifuri mbele ili zitimie 17, na usimlipe kijana wa internet café akubunie. Ukurasa wa Marekani hautakujibu hata ukiubembeleza, maana gari lako halikuuzwa kule.

Unakotakiwa kwenda ni tovuti ya Toyota ya Japani, kwenye ukurasa wao wa kutafuta magari yaliyoitwa. Ni bure. Ziko tovuti zinazotoza dola kukuandalia ripoti ya historia ya gari, na baadhi zinakuletea picha za mnada na kilomita bila neno moja kuhusu mikanda. Mambo matatu ya kuzingatia unapojaza:

Kwanza, namba ya chesisi haina herufi W kabla ya kistari. Kwenye bamba la gari utaona aina imeandikwa ACA33W au ACA38W, lakini hiyo ni aina ya gari tu. Namba ya chesisi inaanza na ACA33 au ACA38, kisha kistari, kisha tarakimu. Ukiingiza W, mfumo utasema gari halipo, nawe utafurahi bure.

Pili, kadi nyingi za TRA, yaani mamlaka ya mapato, zimeandika namba hiyo mfululizo bila kistari, na wakati mwingine sifuri imegeuzwa kuwa herufi O. Linganisha na bamba la kwenye gari lenyewe kabla ya kulaumu Wajapani.

Tatu, ukurasa ni wa Kijapani mtupu. Usiruhusu simu iutafsiri kabla hujajaza, maana fomu inaweza kugoma. Jaza kwanza, kisha elekeza kamera ya kutafsiri kwenye majibu. Alama unazozitafuta ni 未実施, yaani haijafanyika, na 実施済, yaani imefanyika. Piga picha ya skrini, namba ya chesisi ionekane.

Kuna ushahidi mwingine ambao hauhitaji bando. Japani, gari likisharekebishwa kwa wito, gereji hubandika stika ndogo yenye namba karibu na komeo la mlango wa dereva, upande wa bodi. Fungua mlango utazame. Ila stika moja ni ya wito mmoja, na gari linaweza kuwa na stika ya jambo lingine kabisa. Muuzaji akikuonyesha stika na kusema "hii hapa, limeshatengenezwa", mwambie asome namba yake ailinganishe na ya wito wa mikanda kwenye ukurasa ule ule.

Sasa siti. Hata kama majibu yanasema imefanyika, tazama mwenyewe, na sababu ni fundi wa kushona siti. Magari haya yakifika mjini yanavalishwa kava za ngozi, vikalio vinang'olewa, na vitu vya plastiki visivyoeleweka vinabaki kwenye ndoo ya fundi. Inua kikalio cha siti ya nyuma, fuata mkanda hadi unapofungwa, upande wa kulia na wa kushoto. Ukigusa chuma kitupu cha fremu mahali mkanda unapopita, huna kifuniko. Ukiwa hapo hapo, vuta mkanda wote nje uukague kama una nyuzi zilizochomoka, kaza macho kwenye boliti zinazoufunga kwenye bodi kama zimeliwa na kutu, na nusa zulia. Gari lililowahi kulala kwenye maji linajulikana kwa harufu, na boliti zake hazifai kuaminiwa.

Baada ya hapo ndiyo unakwenda kwa mwakilishi wa kampuni. Kama RAV4 yako ililetwa mpya na mwakilishi wa hapa, njia ni fupi: ina namba ya tarakimu 17, wanayo kwenye kumbukumbu zao, wape namba. Sisi wa mitumba tunapokelewa kwa tabasamu jingine. Dada wa mapokezi alinisikiliza vizuri, akaniuliza kama gari linawasha taa yoyote kwenye dashibodi. Haliwashi. Akaniandikia fomu ya kupima gari kwa kompyuta, nikalipia, kijana akachomeka mashine yake kwa mbwembwe, na karatasi ikatoka safi. Ingetokaje chafu? Fremu ya siti haina waya. Mashine ile inasoma injini na vihisi, haiwezi kujua kwamba kipande cha plastiki hakipo chini ya siti. Kwa hiyo usilipie kipimo cha kompyuta kwa jambo hili, hata waseme ndio utaratibu. Pesa hiyo hairudi, wala haikatwi kwenye bili ya kazi.

Badala yake peleka barua, nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokea. Bila muhuri, ukirudi utaambiwa aliyeipokea yuko likizo. Iandikwe kwa meneja wa huduma, siyo mapokezi, na iwe na namba kamili ya chesisi, nakala ya kadi, picha ya skrini na picha ya fremu tupu. Kisha uliza mambo matatu kwa maandishi: je, watatekeleza wito huu kwa gari lililoagizwa kutoka Japani; kama hawatafanya bure, namba ya spea ya vifuniko kwa chesisi hii ni ipi; na gharama ya kufunga ni kiasi gani. Swali la pili ndilo lenye thamani kubwa. Wakikataa yote lakini wakakupa namba ya spea, umetoka na kitu, maana duka lolote linaloagiza spea halisi linaweza kukuletea. Bila namba hiyo, kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, utazungushwa duka hadi duka ukionyeshwa vifuniko vya bawaba za siti na kuapiwa kwamba ndivyo.

Siku ya kufunga, simama hapo. Mafundi wetu ni wabunifu, na ubunifu ndio usioutaka. Usikubali mpira wa bomba uliopasuliwa na kufungwa kwa waya. Usikubali fremu isagwe kwa grainda "ili isikate", kwa sababu chuma hicho ndicho kinachobeba abiria. Na kama mkanda wenyewe umechoka, usinunue uliotolewa kwenye gari la ajali. Mkanda uliokwisha kushika mtu umeshavutika. Boliti za mkanda zikifunguliwa zirudishwe kwa spana ya kupima nguvu, siyo kwa bomba lililochomekwa kwenye mpini na dua.

Wakati unasubiri spea, watu waendelee kufunga mikanda nyuma. Mkanda wenye hatari hii bado ni bora kuliko kukaa bila mkanda. Wito ulihusu nafasi mbili za pembeni, hivyo abiria wa nyuma akiwa mmoja, akae katikati. Na kazi ikiisha, piga picha ya vifuniko vikiwa mahali pake kabla kikalio hakijarudishwa, uiweke na risiti kwenye faili la kadi. Fundi wa kushona siti akija kuking'oa tena, umwonyeshe picha hiyo kabla hajashika spana.