Kabla ya Kutoboa Boksi la Bufa: Pima Kwanza, Msumeno Baadaye

Boksi lililofungwa la bufa (spika ya besi) ya gari haligeuki kuwa boksi la bomba, yaani lenye mrija wa kupitishia hewa, kwa kutobolewa tu. Ndani ya boksi lililofungwa hewa ni springi: koni ikisukumwa nje inavutwa, ikirudi ndani inasukumwa. Ukiweka bomba, hewa iliyomo ndani ya bomba inakuwa mzigo unaochezeshwa na springi ile, na mzigo huo una mdundo wake mmoja. Mdundo huo ndio tuni ya boksi, na unapimwa kwa hertzi. Kwenye tuni koni karibu isimame, sauti inatoka kwenye bomba, na besi inakuwa kubwa bila kuongeza wati. Chini ya tuni springi inapotea na koni inabaki bila wa kuizuia. Mengi yanayoharibika katika kazi hii yanaanzia hapo, na karibu yote yanaonekana kwenye karatasi ya hesabu kabla mbao haijaguswa.

Anza na bufa yenyewe. Tafuta karatasi yake ya vipimo, au nakala yake mtandaoni kwa namba ya modeli, uangalie Fs (mdundo wa asili wa bufa, kwa hertzi), Qes na Qts (namba za jinsi mtetemo wa koni unavyozuiwa: Qes na koili na sumaku pekee, Qts kwa jumla). Gawanya Fs kwa Qes. Jibu likiwa chini ya 50, bufa hiyo iache kwenye boksi la kufungwa. Likikaribia 100, imeumbwa kwa bomba. Katikati ya hapo inakubali kote kuwili: yenye Fs 30 na Qes 0.40 inatoa 75, nayo itafanya kazi vizuri. Qts ikipita 0.5 besi ya bomba huwa nzito na chafu, inabubujika badala ya kugonga. Bufa isiyo na karatasi wala modeli, zile za kununuliwa mkononi zikiwa zimebanduliwa stika, usiijengee bomba kwa kubahatisha.

Sasa boksi. Pima kwa ndani, siyo kwa nje. Zidisha urefu, kimo na kina kwa sentimita, gawanya kwa 1,000 upate lita. Kisha toa nafasi inayoliwa na bufa (ya inchi 12 hula kama lita 2 hadi 4), mbao za kukazia, na bomba lenyewe. Kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye hesabu. Wengi husahau kutoa bomba, na hapo tuni inapanda kuliko walivyokusudia.

Urefu wa bomba unapatikana hivi. Chukua kipenyo cha ndani cha bomba kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha kwa 23,562.5. Pembeni, zidisha hertzi unazotaka kwa zenyewe, kisha kwa lita zilizobaki. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili, halafu toa kipenyo mara 0.732. Hizo ndizo sentimita za bomba, unene wa mbao ukiwa ndani yake.

Tujaribu kwa boksi dogo la kufungwa la inchi 12, lenye sentimita 40 kwa 36 kwa 32 kwa nje, mbao ya milimita 18. Ndani lina lita 33.5. Ukitoa bufa na bomba la PVC la inchi 4 unabaki na kama lita 25. Bomba hilo lina milimita 110 kwa nje, lakini ndani ni kama 104, na hesabu inataka ya ndani. Lipime mwenyewe maana unene hutofautiana. Kwa tuni ya hertzi 35 jibu ni kama sentimita 76. Boksi lenyewe kwa ndani ni sentimita 36! Fundi asiyepiga hesabu hukata bomba la sentimita 15 kwa kuwa ndilo linaloingia, na boksi, likibaki na kama lita 29 kwa kuwa bomba fupi hula nafasi ndogo, linatuni karibu hertzi 62. Matokeo yake ni mvumo mmoja tu kila wimbo, na besi ndefu za amapiano zikishuka chini ya hapo koni inarukaruka hewani mpaka koili inagonga.

Kwa hiyo boksi la ukubwa huo jibu lake ni kuliacha lilivyo, au kutengeneza jingine. Boksi la sentimita 60 kwa 36 kwa 30 kwa nje lina lita 48 ndani. Toa bufa lita 3, bomba 4, mkazo 1, zinabaki 40, na bomba la inchi 4 kwa hertzi 35 linakuwa sentimita 44. Linaingia kwa ubavu mfupi, likilazwa kwenye kona ya chini nyuma ili lisigusane na sumaku, na mdomo wake wa ndani unabaki na zaidi ya sentimita 13 kabla ya ukuta. Nafasi hiyo isipungue kipenyo cha bomba, ndani na nje pia. Bomba linalotazama mgongo wa kiti kwa karibu linakosa pumzi. Mbao zake ni vipande viwili vya 60 kwa 36, viwili vya 60 kwa 26.4, na viwili vya 32.4 kwa 26.4, kama theluthi ya shiti ya futi 8 kwa 4. Pima buti la gari kabla ya kununua. Buti la IST na la Noah si mamoja.

Bomba moja la inchi 4 linatosha kwa wati 300 hivi za RMS (wati za mfululizo). Ukipita 500 hewa inaanza kupiga mluzi. Usifikiri utaponya kwa kuongeza la pili: mabomba mawili kwenye boksi hilohilo yangetaka karibu mita moja kila moja au zaidi. Midomo ya bomba izungushwe kwa msasa namba 80 kisha 120, isibaki kingo kali.

Kuhusu mbao, chipibodi ya milimita 12 ambayo maboksi mengi ya bei rahisi yametengenezwa nayo haifai kutobolewa. Inamomonyoka kwenye kingo na kutetemeka. Tumia MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 18 au plaiwudi isiyoingia maji. Kwa Mwanza hili lina uzito wake. Gari linalopita soko la samaki la Mwaloni Kirumba kuchukua samaki wa barafu hulowa sakafu ya buti, na MDF hunyonya maji kuanzia chini mpaka inavimba kama mkate. Paka vanishi ndani na nje, kingo zilizokatwa mara mbili, na liweke boksi juu ya miguu ya mpira. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, gundi na vanishi zipewe muda zaidi. Mdomo wa nje uwekewe wavu wa matundu ya sentimita moja kuzuia panya. Wavu wa mbu unabana hewa.

Pamba iliyojazwa kwenye boksi la zamani itolewe. Ukitaka kubakiza kidogo, igundishwe ukutani mbali na bomba.

Amplifaya nayo ikaguliwe mapema. Inatakiwa iwe na kitufe kilichoandikwa SUBSONIC, kinachokata sauti za chini ya tuni, kiwekwe hertzi 28 hadi 30 kwa tuni ya 35. Isipokuwa nacho, redio au prosesa ifanye kazi hiyo. Vikikosekana vyote, ahirisha. Kichujio kinachokata sauti za juu (LPF) kiwe karibu hertzi 80, na kitufe cha kuongeza besi kiwe sifuri.

Siku ya kazi bufa itolewe kabla ya kukata, maana vumbi la MDF likiingia kwenye koili halitoki, vaa barakoa. Bomba likate refu kwa sentimita 5 kuliko hesabu na ulishike kwa tepu tu. Safisha vumbi, rudisha bufa kwa muda, kisha cheza kwa simu toni za kupimia (za hertzi moja moja) kutoka hertzi 20 hadi 60 kwa sauti ndogo, ukiangalia koni: inapotulia zaidi huku bomba likipuliza kwa nguvu, hiyo ndiyo tuni. Kwa boksi la lita 40, kukata sentimita 5 kunapandisha hertzi mbili hivi, basi punguza sentimita moja moja. Ukiridhika, toa bufa tena, ziba kwa gundi na silikoni, uache saa 24 harufu iishe, ndipo bufa irudishwe na skrubu zikazwe kwa kupishana.