Nguruwe mwenye mimba Dodoma: banda lake ndo afya ya watoto

Wafugaji wenzangu wa Dodoma, Chamwino na Bahi, mtu anahangaika na watoto wakishazaliwa, mara sindano ya madini ya chuma mara taa ya joto, wakati mama yao mimba nzima kakaa kwenye kichumba hata kujigeuza hawezi. Mimba ni siku 114 hivi, wengi tunahesabu miezi 3, wiki 3 na siku 3, na mama akipata msongo, njaa au joto kali muda huo watoto wanaweza kuzaliwa wadogo na wanyonge, chuchu wanachelewa kuishika.

Vile vizimba vya chuma vya kumbana jike mmoja mmoja visikuvutie. Uingereza walishavipiga marufuku tangu 1999, na Umoja wa Ulaya tangu 2013 jike anatakiwa akae kundini kuanzia wiki 4 baada ya kupandwa mpaka wiki 1 kabla ya kuzaa. Kwao jike mkubwa anapewa kama mita za mraba 2.25, ila kwa joto letu hili mi nasema ukiweza mpe 3.

Shida ya kundi ni ugomvi. Wachanganye siku wanapoachisha watoto, au subiri mwezi upite tangu wapandwe, maana wiki ya pili mpaka ya nne ndo mimba inajishika na vurugu zinaweza kuiharibu. Halafu kihori kimoja kifupi ni balaa, utamkuta jike kasimama pembeni, masikio yana mikwaruzo, anasubiri mbabe ashibe ndo akalambe makombo. Weka kihori kirefu au watenge wakati wa kula tu, na huyo mnyonge mwangalie mbavu kila wiki usidanganywe na tumbo.

Joto sasa, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua haijaanza. Nguruwe hatoi jasho la kumpoza, kwa hiyo joto la mwezi wa kwanza wa mimba linaua mimba changa na la wiki za mwisho linaleta watoto wafu. Pandisha bati juu, weka nyasi juu yake, maji ya kunywa yasikauke hata saa moja na sehemu ya kulowana iwepo (najua maji ya boza bei yake, ila piga hesabu ya watoto unaopoteza).

Wiki moja kabla ya kuzaa mhamishie chumba cha kuzalia kilichooshwa kikakauka. Siku ya mwisho ataparua sakafu na kubeba vitu mdomoni, anatengeneza kiota huyo, usimfokee, mpe nyasi kavu za kutosha, akitulia analala taratibu na hawalalii ovyo watoto. Zungushia bomba au mirunda, sentimita 20 hadi 25 toka sakafuni na toka ukutani, mtoto apate pa kuponea.

Watoto wanazaliwa hawana kinga kabisa, wanaipata kwenye maziwa ya kwanza, so wanyonye ndani ya masaa machache. Wao wanataka nyuzi 32 mpaka 34, mama anataka ubaridi, ndo maana kona yao iwe pembeni, yenye taa ya joto, Juni na Julai ziba na upepo wa usiku kwa magunia. Wakilundikana kwa mama kona bado baridi, wakiikimbia taa ipandishe juu kidogo.