Kumsimamia mtoto masomo ya nyumbani: jua kwanza umri wake unaweza nini

Nyumba nyingi za Dar es Salaam, kazi ya shule hufanyika kuanzia saa moja jioni. Mama ndiyo kwanza ameshuka kwenye daladala, dada yuko jikoni, televisheni inaongea, na mtoto ameinamia daftari la hesabu. Akikosea mara ya pili anaambiwa hasikilizi. Mara ya tatu, ana kichwa kizito. Kabla ya kufika huko, angalia mambo matatu: kazi aliyopewa inalingana na umri wake? Namna anavyosoma inaacha kitu kichwani? Na amelala saa ngapi?

Miaka 5 hadi 7: kwanza ashike kwa mkono

Jaza maji glasi mbili zinazofanana mpaka mtoto akubali kwamba ziko sawa. Mbele ya macho yake, mimina ya glasi moja kwenye chupa ndefu nyembamba, kisha muulize wapi kuna maji mengi. Mtoto wa miaka 5 kwa kawaida ataonyesha chupa, na ukibisha atakushangaa. Jaribio hili lilipata umaarufu kupitia Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, na watoto wengi hulivuka karibu na miaka 7.

Anayejibu "chupa" bado anaamua kwa jicho, kwa hiyo 8 + 5 ya maneno matupu haimsaidii. Mpe vifuniko vya soda au maharage. Apange 8, aongeze 5, ahesabu vyote. Akizoea, mfundishe kuanzia 8 kichwani na kuendelea: tisa, kumi, kumi na moja... Usimnyang'anye vifuniko kwa sababu tu jirani mwenzake hesabu anazifanya bila hivyo. Ataviacha mwenyewe siku vitakapoanza kumchelewesha.

Kwenye kusoma kuna mtego mmoja. Mtoto anaweza kukariri ukurasa mzima, akauimba "ba-ba a-na-la" huku anatazama dirishani, na nyumba nzima ikaamini anasoma. Ili umpime, funika picha, chukua silabi zilezile na uzipange upya kwenye karatasi: *naba, laba, nabala*. Maneno yasiyo na maana ndiyo mazuri hapa, maana hayakisiki. Atakapokwama ndipo pa kurudia. Silabi kama *mba*, *nya*, *kwe* na *ng'o* huchelewa kukaa, zipe siku zake. Dakika 10 hadi 15 asubuhi na jioni zinafaa kuliko saa nzima kwa mkupuo.

Miaka 8 hadi 11: kosa lina njia yake

Mtoto wa darasa la tatu amepewa 503 − 178, kaandika 475. Tazama alivyofika huko: 5 toa 1 ni 4, 7 toa 0 ni 7, 8 toa 3 ni 5. Katika kila safu ametoa namba ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Ana kanuni, tena anaifuata vizuri sana. Ni kanuni mbovu tu. Ukimwongezea hesabu 20 za namna hiyo, atakosea zote 20 na mazoea yatakomaa.

Mwambie: "Hebu nionyeshe ulivyofanya," na umwache aongee mpaka mwisho. Kisha chukua njiti, uzifunge kumi kumi kwa mpira, na uanze na hesabu ndogo: 52 − 27. Mezani kuna mafungu 5 na njiti 2. Anatakiwa kutoa njiti 7, anazo 2 tu, hivyo afungue fungu moja. Sasa ana mafungu 4 na njiti 12. Anatoa 7, zinabaki 5. Anatoa mafungu 2, yanabaki 2. Jibu 25. Arudie kwa hesabu nne au tano, halafu afanye kwa njiti huku akiandika, na mwisho kwa kuandika peke yake. Hesabu zenye sufuri katikati, kama ile 503, zisubiri, kwa sababu pale inabidi kwanza avunje mia iwe makumi ndipo avunje kumi liwe mamoja. (Jibu lake ni 325.)

Umri huu kichwa hubeba mambo machache kwa wakati mmoja. Ukimwambia mtoto alete daftari, achonge penseli, ajaze chupa ya maji na aangalie kama geti limefungwa, atarudi na penseli tu, na wala si kiburi. Mpe moja, akimaliza mpe lingine. Ndiyo sababu jedwali la kuzidisha linastahili kukaririwa kabisa. Katika 346 × 7, mtoto anayetafuta 6 × 7 kwa vidole, akiipata 42, ameshasahau alikuwa anafanya nini na ile 4 ya kubeba.

Funga daftari

Hili linawahusu wote kuanzia darasa la nne hadi kidato cha sita, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Kusoma noti mara tano kunampa mtoto hisia ya kujua, kwa sababu kila mstari anautambua. Chumba cha mtihani hakimuulizi kama anautambua. Kinamtaka autoe kichwani. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alichapisha vipimo vya jinsi mtu anavyosahau: sehemu kubwa hupotea mapema, kisha kasi ya kusahau hupungua. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa Marekani walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojipima. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio walikumbuka zaidi.

Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Asome kipande kifupi, kisichozidi ukurasa mmoja.
2. Afunge daftari. Kwa dakika 5 aandike au aseme yote anayokumbuka.
3. Afungue, asahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine, na arudie yale tu yaliyokosekana.
4. Kesho, baada ya siku tatu, na baada ya wiki, aanze na hatua ya pili kabla ya kufungua chochote.

Mtoto ataichukia wiki ya kwanza. Inachosha, na inamwonyesha asichokijua. Msimamizi naye huharibu kwa kuwahi kumtajia jibu: hesabu kimyakimya hadi kumi kabla ya kumsaidia, kisha mpe mwanzo tu. Na msimamizi si lazima awe msomi. Bibi au dada wa kazi anaweza kushika daftari na kusema, "Haya, niambie."

Kuingia kidato cha kwanza

Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili anakutana na masomo mapya na lugha mpya siku moja. Wengi hujiokoa kwa kukariri Kiingereza wasichokielewa. Mpime kwa Kiswahili. Kama anaweza kutamka maana ya osmosisi (maji kupenya utando kuelekea penye chumvi au sukari nyingi) neno kwa neno, lakini hawezi kueleza kwa nini kachumbari ikitiwa chumvi hutoa maji, bado hajaielewa. Alielewe jambo kwa Kiswahili kwanza, kisha ajifunze maneno yake matano ya Kiingereza, si ishirini, na kila neno alitungie sentensi yake mwenyewe.

Miaka 13 hadi 18

Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga mambo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya 20. Wakati huohuo kijana anataka kuamua mwenyewe, na marafiki wakiwepo huthubutu zaidi kuliko akiwa peke yake. Msaidie kupanga kwa vitu vinavyoonekana: kalenda ukutani yenye tarehe za mitihani, na kila somo limekatwa vipande vya siku. Aipange mwenyewe, wewe uliza tu Jumapili ameishia wapi.

Kumkemea mbele ya wadogo zake au rafiki zake hakufundishi kitu, atakuwa anapigania heshima yake. Maongezi magumu huenda vizuri zaidi mkiwa mnatembea kwenda dukani kuliko mkikaliana uso kwa uso sebuleni. Na angalia unavyosifu. Katika utafiti wa wanasaikolojia Mueller na Dweck wa mwaka 1998, watoto waliosifiwa akili walikimbilia kazi rahisi baadaye, kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Badala ya "wewe ni jiniasi", taja alichofanya: "umeirudia hesabu hii mpaka ukaona kosa."

Usingizi, kwa hesabu ya foleni

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Wa 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Hesabu kurudi nyuma. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi gari kutoka Mbagala au Gongo la Mboto, akiwa na miaka 10, anatakiwa awe ameshalala saa mbili usiku. Kijana wa kidato cha pili, saa tatu, ingawa saa ya mwili wake wakati wa balehe husogea mbele na usingizi humjia kwa kuchelewa. Twisheni ya usiku kwa mtoto wa darasa la tatu basi ni hasara mara mbili: unalipa hela, na unakata usingizi ambao ndio unaosaidia ubongo kuhifadhi ya mchana. Simu zote, na za wazazi pia, zichajiwe sebuleni.

Kabla ya kumtafutia mwalimu wa ziada

Mpeleke akapimwe macho na masikio. Dalili ni kusogeza daftari karibu na uso, kukosea wakati wa kunakili ubaoni, kuitikia anapokuona tu, au sikio linalotoa usaha. Akiwa amesoma miaka miwili na silabi rahisi bado hazijakaa, zungumza na mwalimu wake na mwone mtaalamu wa watoto.

Kwa kijana, angalia mabadiliko yanayodumu wiki mbili au zaidi: hapati usingizi wa kutosha, hali chakula, ameacha marafiki na michezo aliyoipenda. Akitaja kutaka kufa, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haina malipo, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.