Dereva mpya wa gari za mzigo: kampuni ya mwanzo uichague vipi

Vijana wengi hapa Unguja na Pemba wakishapata leseni ya gari kubwa suali la mwanzo ni wapi wanalipa vizuri, na mie kila nikiulizwa nawajibu kaulize kwanza ukipata hasara wanakufanyaje. Siku za raha mabosi wote wazuri. Kampuni utaijua siku tairi limepasuka, mafuta yamepungua, trela limegusa ukuta wa mtu na mwenye nyumba kashatoka nje anapiga kelele.

Kwahiyo kabla hujaingia ofisini pita kwa madereva. Nenda Malindi pale nje gari zinaposubiri kontena, au Mkoani kama upo Pemba, kaa nao, nunua kahawa, uliza unafanyia nani na umekaa nae muda gani. Ukikuta kampuni ina gari nyingi na madereva wote wameingia mwaka huu huu basi ujiulize wa mwaka jana wamekwenda wapi. Muulize na utingo, yeye anaona mengi na hana sababu ya kukuficha. Tena zizunguke gari zenyewe zilivyopaki, tairi kipara, taa ya nyuma imefungwa na waya, upepo unavuja unausikia kabisa, mtu asienunua tairi usitegemee atakulipia hifadhi ya jamii.

Mie ushauri wangu anzia nyumbani. Najua wengi mnataka kuvuka Dar mkaendeshe semi za Zambia na Congo kwa sababu posho ya safari ni kubwa, lakini kisiwa chetu hakina milima ya maana, breki yako yote umeijulia njia ya Mwera na Paje, halafu mtu anakupa hosi, yaani kichwa cha semi, na trela lililojaa ushuke Kitonga kule Iringa peke yako? Pale ukishuka kwa kukanyaga breki ya mguu tu zinachemka mpaka zinakataa, inatakiwa uingie na gia ndogo toka juu na utumie breki ya injini, na jambo hilo hulijui kwa kusimuliwa, ulijue kwa kukaa na mtu anaelijua. Kontena za kutoka bandarini kwenda Mwanakwerekwe au Fumba zitakufunza kurejesha trela nyuma kwenye njia nyembamba, watu na vespa kila upande, na ukikosea unakosea kwa mwendo mdogo. Gari za vifaa vya mahoteli za Nungwi na Kiwengwa nazo si mbaya. Za mchanga mimi simshauri mtu mpya, nyingi unalipwa kwa tripu, ukilipwa kwa tripu utakimbia tu hata kama hutaki, na mchanga hapa unakwenda kwa kibali, gari ikisimamishwa haina karatasi anaeulizwa mwanzo ni wewe uliekamata usukani, bosi yuko kwake.

Ukishaiva ndio uvuke. Kampuni nyingi za Bara zinataka leseni daraja E na cheti cha chuo, NIT au VETA, na hapo suali lako la kwanza liwe nitapanda na nani. Kampuni nzuri inakupandisha na dereva mkongwe safari kadhaa za mwanzo, anakuachia sehemu za tambarare mwanzo, milimani anakaa yeye, mpaka yeye mwenyewe aseme huyu tayari. Ikikwambia chukua funguo kesho unakwenda Tunduma, mpakani na Zambia, njia ya zaidi ya kilomita 900, na hawajakuona hata ukipaki, ondoka wewe kabla ya gari. Wanakupa haraka namna hiyo kwa sababu wana gari imekosa mtu.

Halafu makato, hapa ndio vijana wanaumia. Uliza kwa maneno yaliyonyooka: faini ya mizani, pale njiani wanapopima uzito wa gari, nani analipa? Kwenye mizani, Vigwaza, Mikese na kuendelea, hawaangalii jumla ya uzito tu ambayo mwisho wake ni tani 56, wanapima na kila ekseli, yaani kila safu ya tairi, kwahiyo mzigo ukipangwa vibaya unaweza kuwa chini ya jumla na bado ukazidi ekseli moja. Kama kontena limefungwa sili na hukuwepo wakati wa kupakia, faini hiyo iwe yako kwa lipi? Na mafuta je, wanapimaje, wanakupa lita ngapi kwa safari, foleni ya mpakani gari ikilala siku nyingi posho inaendelea au inakatika?

Sheria ya ajira ya Bara, Namba 6 ya 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri akitaka kukukata kwa hasara lazima ukubali kwa maandishi, hasara iwe ni kosa lako, upewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Wengi hawalijui hili wanakatwa mwezi mzima wananyamaza. Kwetu Zanzibar sheria ni nyengine, Namba 11 ya 2005, na mfuko wa hifadhi ya jamii ni ZSSF, ukivuka unaingia NSSF, kwahiyo usidhani mkataba ule ule unakufaa pande zote. Bara kuna na WCF, fidia ya anaeumia kazini, ile analipa mwajiri peke yake, ukiona wamekukata mshahara kwa jina hilo wahoji.

Leseni yako halisi na pasipoti usiache ofisini hata wakisema ndio utaratibu, wape kopi. Mkataba usome nyumbani, kama hukufahamu mpe alokwenda skuli zaidi akusomee, bosi akikataa usitoke nao ofisini, huyo hana nia njema.

Na siku wakikukabidhi gari, usiwashe kwanza. Lizunguke na simu, piga picha tairi zote, vioo, taa, mikwaruzo ya zamani, kilomita na geji ya mafuta, zote mtumie msimamizi WhatsApp na usubiri ajibu ameziona, ndio uwashe.