Namna ya Kusoma Mkataba wa Kimataifa kwa Jicho la Wanazuoni Wanawake

Anayetaka kuendesha mjadala wa kusoma mkataba kwa jicho hili huko Tanga aanze na Itifaki ya Maputo, mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, iliyopitishwa mwaka 2003 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2007. Haifai kuisoma yote kwa mkupuo mmoja. Chagua ibara moja na ukae nayo.

Ibara ya 21 ndiyo ningeichagua mimi. Inampa mjane haki ya kupata mgao wa haki katika mali ya marehemu mumewe na ya kuendelea kuishi katika nyumba ya ndoa. Hata akiolewa tena, haki hiyo haimpotei iwapo nyumba ni yake au ameirithi. Hapo lete hoja ya wanazuoni wanawake wa sheria ya kimataifa, Hilary Charlesworth, Christine Chinkin na Shelley Wright, ya mwaka 1991, kwamba sheria ya kimataifa iliyojengwa juu ya mambo ya dola imeyaacha kando madhila yanayompata mwanamke nyumbani. Mjane mkulima wa mwani anayesukumwa na mashemeji aondoke hahitaji kufafanuliwa hoja hiyo mara mbili.

Kisha fuatilia utekelezaji, sehemu ambayo wasomaji wengi huiruka. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, lakini mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki nchi hiyo huko moja kwa moja. Njia iliyobaki ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Banjul, Gambia, baada ya kumaliza ngazi za mahakama za nchini.